Aliyeuliza ni Nani, na Jibu Litakwenda Wapi?

(Hotuba ya katibu wa tawi mbele ya mkutano wa wanachama, Garissa. Imepigwa taipu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa mwishoni.)



Halmashauri ya tawi imeniagiza niseme nanyi juu ya zile karatasi. Wengi wenu mmeziona na baadhi yenu mmezijaza. Kwa faida ya wale ambao hawakuziona nitaeleza kwa ufupi.

Mwajiri mmoja wa hapa mjini, ambaye sitamtaja kwa sababu mazungumzo naye hayajakwisha, aligawa karatasi za maswali kwa wafanyakazi wake. Juu ya karatasi paliandikwa ya kuwa anatafuta maoni tu, ya kuwa kila mtu aseme kwa uhuru, na ya kuwa hakuna atakayejulikana. Swali kubwa lilikuwa hili: Wewe wapendelea lipi? La kwanza, posho ya mazingira magumu ipunguzwe na kazi zote zibaki. La pili, posho ibaki kama ilivyo na baadhi ya kazi zipunguzwe. Tia alama mahali pamoja tu.

Basi mtu mwenye watoto wanne shuleni atie alama wapi? Alitia penye kazi. Wengi walitia hapo hapo, na mimi siwalaumu. Wiki mbili baadaye tulipokaa mezani kuzungumza juu ya mapatano mapya, mtu wa mwajiri alifungua jalada lake akasema, “Mnabishana nini? Wafanyakazi wenu wenyewe wamekwisha sema. Wengi wamekubali posho ipunguzwe.” Na alikuwa na hesabu yake, imepigwa chapa vizuri, na michoro ya duara yenye rangi.

Ndugu zangu, hesabu ile haikuwa ya uongo. Tuliomba tuonyeshwe, nikazihesabu alama moja moja mwenyewe. Hesabu ilikuwa sawasawa. Na bado nasema si haki. Nimesimama leo kueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kukaa ndani ya karatasi moja, hesabu sahihi na dhuluma.

Kwanza niseme juu ya jina lenyewe, maana jina hili limetuchanganya. Kwa Kiswahili chetu twasema “kura ya maoni” kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Tarehe 4 Agosti 2010 tulipiga kura ya maoni juu ya Katiba. Kila aliyeandikishwa alikuwa na haki ya kwenda, alipiga kwa siri, na wengi waliposema ndiyo, Katiba ikawa sheria ya nchi. Hiyo ilikuwa kura kweli. Lakini gazeti likisema “kura ya maoni yaonyesha fulani anaongoza”, hapo hakuna kura. Kuna watu mia kadhaa au elfu moja na zaidi waliopigiwa simu au kubishiwa hodi wakaulizwa. Jirani zetu wa Tanzania wana la tatu: chama cha CCM huita kura za maoni ule uchaguzi wa ndani ya chama wa kutafuta wagombea, na mwaka 2020 wako walioongoza kura hizo na wasiteuliwe. Basi jina ni moja, uzito ni mbalimbali. Mtu akija na neno “kura”, mwulizeni: je, jibu langu laamua jambo, au laandikwa tu?

Na sisi wa Garissa tuna sababu kuliko watu wengine ya kuuliza hivyo. Nitawarudisha nyuma mpaka mwaka 1962.

Wakati ule sehemu hii yote iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na Waingereza waliita kwa herufi tatu, NFD. Ilikuwa wilaya sita: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Ilikuwa nchi iliyofungwa. Kwa sheria ya mwaka 1926 na nyingine ya mwaka 1934, mtu hakuweza kuingia wala kutoka apendavyo bila ruhusa, na vyama vya siasa havikuruhusiwa mpaka mwaka 1960. Kumbukeni jambo hilo: watu walioulizwa maoni mwaka 1962 walikuwa wamepata ruhusa ya kuwa na chama kwa muda wa miaka miwili tu.

Katika mkutano wa Lancaster House, London, mwanzoni mwa mwaka 1962, wajumbe kutoka huku walitaka nchi yao itengwe na Kenya kabla ya Uhuru, ili mwishowe iungane na Jamhuri ya Somalia. Wajumbe wa KANU na wa KADU, ambao hawakupatana kwa mengi, walikataa. Waziri wa Makoloni, Bwana Reginald Maudling, akaahidi ya kuwa tume huru itakwenda kuuliza watu wenyewe wanataka nini.

Tume ikaja mwezi Oktoba. Ilikuwa na watu wawili: Bwana G. C. M. Onyiuke, mwanasheria kutoka Nigeria, na Meja Jenerali M. P. Bogert wa Kanada. Walizunguka wilaya zote, wakafanya mabaraza, wakapokea wajumbe, wakapokea barua na maombi ya maandishi. Kwa ninavyoona mimi walifanya kazi yao kwa uaminifu. Ripoti yao ilitoka Desemba mwaka ule ule, na haikuficha kitu. Ilisema Wasomali, karibu wote kwa sauti moja, wanataka kujitenga. Ilisema pia ya kuwa hasa upande wa Marsabit na Moyale, miongoni mwa Wagabra na Waborana wasio Waislamu, wako wanaotaka kubaki Kenya, na kwamba mahali pengine maoni yamechanganyika. Lakini eneo la wanaotaka kujitenga lilikuwa kubwa kuliko mengine, kwa watu na kwa ardhi.

Sasa, nini kilifuata? Tarehe 8 Machi 1963 Bwana Duncan Sandys, aliyekuwa amechukua mahali pa Bwana Maudling, alitangaza ya kuwa kutakuwa na mkoa wa saba wa Kenya, Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Garissa, Wajir na Mandera ndani yake. Kujitenga hakuna. Serikali ya Somalia ilivunja ubalozi na Uingereza mwezi ule ule. Mwezi Mei watu wengi wa mkoa huu walisusia uchaguzi. Baada ya Uhuru ikatangazwa hali ya hatari, yakaanza mapigano yaliyoitwa ya shifta, mpaka Bwana Kaunda wa Zambia alipowapatanisha wakubwa huko Arusha mwezi Oktoba 1967. Yaliyowapata watu na mifugo yao katika miaka ile minne wazee waliokaa mbele hapa wayajua, sina haja ya kuwaeleza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi leo mpaka ungalipita wapi. Jambo hilo limekwisha, sisi ni Wakenya, na mshahara wetu na madai yetu viko Kenya. Nasema juu ya kuulizwa. Someni agizo walilopewa wale mabwana wawili. Waliagizwa wajue maoni ya watu na kuyaeleza. Hawakuagizwa kupendekeza, wala hapakuwa na ahadi popote ya kuwa maoni ya wengi yatafuatwa. Hilo lilikuwa wazi kwa aliyesoma agizo. Lakini nani alilisoma katika baraza la Wajir au la Garissa, kwa lugha gani?

Abti yangu, ndugu ya mama, alikuwa kijana mwaka ule. Alikwenda barazani pamoja na wazee, kazi yake ikiwa kushika kamba ya ngamia nje. Anakumbuka ya kuwa watu walivaa nguo safi, na ya kuwa kila kundi lilijitahidi kuja na watu wengi. Nilimwuliza kwa nini walitaka watu wengi. Akanijibu, “Tulidhani tunapiga kura.” Wao walidhani wanahesabiwa, kumbe wanasikilizwa tu. Na kati ya kuhesabiwa na kusikilizwa pana safari ndefu kuliko ya hapa na Mandera.

Tena liko jambo la pili katika baraza lile. Waliosema walikuwa wazee na viongozi na wenye vyama. Mtu mmoja alisimama akasema, “Sisi watu wa kabila fulani twataka hivi”, na maneno yake yakaandikwa kuwa ya kabila. Akina mama hawakusemewa na mtu ila waume zao. Kijana aliyeshika kamba hakuulizwa. Huenda wangalisema yale yale, nadhani wengi wangalisema yale yale. Lakini kudhani si kuuliza.

Basi, kutoka huko nije kwenye kura za maoni za siku hizi, ambazo mwazisikia redioni kila unapokaribia uchaguzi. Kampuni zinazofanya kazi hiyo zajulikana: Infotrak, TIFA, Ipsos, na nyinginezo. Watu wengi mjini hapa husema zote ni za kununuliwa. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu sina ushahidi, na mfanyakazi asiyekuwa na ushahidi mbele ya mwajiri hushindwa, basi tuzoee kuwa nao. Nasema jambo ambalo kila mtu aweza kulipima kwa kalamu.

Katika soko la mifugo la hapa Garissa, mnunuzi haangalii ngamia wote. Huangalia baadhi. Kama dalali amemwacha achague mwenyewe, huku na huku, wa mbele na wa nyuma, wachache watamwonyesha hali ya kundi zima. Kama dalali amemsogezea wale walio karibu na ua, ameona ngamia wa dalali. Hiyo ndiyo elimu yote ya kura ya maoni, ingawa wataalamu hutumia hesabu nyingi zaidi. Watu 1,500 waliochaguliwa vizuri waweza kweli kuonyesha nchi nzima, na kukosea kama asilimia mbili na nusu tu, juu au chini. Si uchawi, ni hesabu.

Sasa tazameni fungu letu. Mwaka 2022 daftari la wapiga kura la Kenya nzima lilikuwa na watu 22,120,458. Garissa, Wajir na Mandera pamoja tulikuwa kama 626,000. Yaani katika kila wapiga kura mia, sisi hatufiki watatu. Kampuni ikiuliza watu 1,500, na ikigawa kwa haki kabisa bila kutuibia hata mmoja, sisi twapata watu 42. Ni abiria wa matatu tatu. Kwa nchi nzima hesabu ni nzuri. Lakini kesho yake gazeti litachora jedwali, na mstari mmoja utasema “Kaskazini Mashariki: fulani asilimia 50”. Kwa watu 42 kosa si mbili na nusu tena. Ni kama 15, juu au chini. Hiyo 50 yaweza kuwa 35, yaweza kuwa 65. Na mwanasiasa atasimama na gazeti lile mkononi akasema watu wa Kaskazini Mashariki wamesema. Hawakusema. Matatu tatu zimesema, na hata hizo sijui kama zilipita Modogashe.

Maana kampuni nyingi siku hizi hupiga simu. Mchungaji aliye mbali na mnara wa simu hapatikani. Mama ambaye simu ya nyumba i mfukoni mwa mume wake hapatikani. Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilipeleka karatasi milioni kumi kwa watu, likarudishiwa zaidi ya milioni mbili, likatangaza ya kuwa Bwana Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa wingi katika vitabu vya simu na orodha za wenye motokaa, na katika mwaka ule wa njaa na ukosefu wa kazi, maskini wa Marekani hakuwa na simu wala motokaa. Milioni mbili, ndugu zangu, na wakakosea! Wingi wa karatasi si dawa kama mlango umefungwa kwa upande mmoja.

Hata hesabu ya msingi wenyewe ina mashaka kwetu. Baada ya sensa ya mwaka 2009, Waziri Wycliffe Oparanya alifuta matokeo ya wilaya nane, na tano katika hizo zilikuwa za mkoa huu: Lagdera, Wajir Mashariki, na Mandera Mashariki, Kati na Magharibi. Tukaenda mahakamani miaka na miaka. Kama hatujakubaliana sisi ni wangapi, fungu letu katika kura ya maoni lapimwa kwa kijiko gani? Lakini hilo ni la siku nyingine.

Linalonigusa zaidi ni yule anayepatikana, akaulizwa, naye akanyamaza. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 kampuni ya Ipsos ilitangaza Bwana Raila Odinga asilimia 47, Bwana William Ruto 41. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa Ruto 50.49, Odinga 48.85. Angalieni vizuri. Bwana Odinga alipata karibu na walivyosema. Bwana Ruto alipata tisa na nusu zaidi. Watu hao walitoka wapi? Mimi naona wengi wao ni wale walioandikwa kuwa hawajaamua, au wamekataa kujibu. Mtu anayekataa kukuambia si mtu asiye na maoni. Ana maoni, na ana sababu ya kuyaficha.

Na sisi huku tuna sababu. Mnamo Novemba 1989 Serikali ya wakati ule iliwaagiza Wasomali wa Kenya wajitokeze kuhakikishwa uraia, makabila mengine hayakuagizwa. Watu walihojiwa juu ya ukoo wao, wakapewa kadi nyingine juu ya kitambulisho, ile ya rangi ya pinki. Mtu aliyepanga foleni ile hamsahau mgeni mwenye kalamu na karatasi. Leo kijana wa kampuni, mwenye adabu zake, akimbishia hodi mzee huyo na kumwuliza, “Je, una imani na Serikali?”, mzee atajibu nini? Atajibu, “Sana.” Karatasi itaandika: sana. Itapigwa chapa. Haitaandika hofu, kwa sababu hakuna nafasi ya kuandika hofu.

Hapa narudi kwa zile karatasi zetu, maana sasa mtaziona kwa macho mengine.

Kwanza, walioulizwa. Walinzi wa usiku hawakupewa. Vibarua hawakupewa. Akina mama wa usafi, ambao wamewekwa chini ya mkandarasi, hawakupewa. Nao wote wanakaa hapa hapa, wananunua maji kwa bei ile ile, na jua lawapiga lile lile ambalo posho ililetwa kwa ajili yake.

Pili, aliyegawa. Karatasi ziligawanywa na manyapara wa zamu, zikarudishwa kwa manyapara, zikiwa wazi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari wa kuandika namba ya kazi. Hakuna atakayejulikana, lakini andika namba yako! (Kicheko.) Ndugu, mwacheka, lakini wengi wetu tuliiandika.

Tatu, na hili ndilo kubwa, swali lenyewe. Lilikuwa na milango miwili, yote miwili yaelekea ndani ya nyumba ya mwajiri. Palikuwa wapi mlango wa tatu, kwamba posho ibaki na kazi zibaki, na gharama zitafutwe mahali pengine? Aliyeandika swali amekwisha andika jibu. Hesabu iliyofuata ni kazi ya karani tu. Ndiyo maana nilisema hesabu ilikuwa sahihi.

Nne, hakuna aliyeambiwa jibu litakwenda wapi. Waliambiwa “maoni tu”. Likaja mezani kama mkuki. Hili ni kinyume cha mwaka 1962, lakini ni ugonjwa mmoja. Mwaka ule watu walidhani jibu lao litaamua, halikuamua. Mwaka huu watu walidhani jibu lao halitaamua kitu, na mwajiri anataka liamue kila kitu. Mara zote mbili aliyeuliza alijiwekea haki ya kuchagua, baada ya kusikia jibu, kama jibu ni zito au ni jepesi.

Kuna sheria ya Kenya ya mwaka 2012 juu ya kutangaza kura za maoni za uchaguzi. Yataka anayetangaza aseme nani alidhamini, waliulizwa watu wangapi, lini, kwa njia gani, kwa maswali gani. Ni sheria nzuri. Lakini ni ya uchaguzi tu, haimgusi mwajiri na karatasi zake. Kwa hiyo yale ambayo sheria yamlazimisha mwenye kampuni kuyasema, sisi itatupasa kuyadai wenyewe. Na tunalo la kusimamia: Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chalipa chama cha wafanyakazi haki ya kujadiliana kwa pamoja na mwajiri. Majadiliano hayo hayafanywi kwa alama ya mkaa gizani. Tumekwisha mwandikia ya kuwa hatuitambui hesabu ile kuwa sauti ya wafanyakazi.

Wako vijana waliosema tususie karatasi zote za namna hii siku zijazo. Naielewa hasira yao. Lakini mkoa huu umejaribu kususia, mwaka 1963, na kususia hakukubadili uamuzi. Mimi napendelea tuulize wenyewe, tena vizuri zaidi yake.

Na hapo nasi tujiseme. Chama chetu hupenda kuuliza kwa kunyosha mikono. Mwenyekiti auliza, “Mnakubali?” Mikono yapanda, nani atakayeacha mkono wake chini huku jirani zake wamtazama? Hiyo nayo ni kura ya maoni mbaya, na tumeifanya miaka mingi. Safari hii tutapiga kwa siri. Swali litakuwa na majibu manne, na moja katika hayo Halmashauri hailipendi, lakini wako wanachama walilolitaka liwepo, basi litakuwepo. Na kabla ya mtu yeyote kupiga, tumebandika ubaoni maneno haya, yametiwa sahihi na Mwenyekiti na mimi: jibu litakalopata wengi ndilo tutakalokwenda nalo mezani, tulipende tusilipende.

(Makofi.)

MASWALI

Mwanachama mmoja, dereva, aliuliza kama kura yetu nayo mwajiri hawezi kuikataa, akisema chama kimeuliza watu wake tu.

Katibu alijibu: Aweza kusema hivyo, na angekuwa na haki kama tungewauliza waliolipa ada peke yao. Ndiyo maana orodha tuliyoandika ni ya wafanyakazi wote wa mahali pale, mwanachama na asiye mwanachama. Mwajiri amealikwa kuleta mtu wake asimame karibu na sanduku na kuhesabu pamoja nasi. Hajajibu barua.

Mzee mmoja aliuliza wale walioandika namba zao watalindwa namna gani.

Katibu alijibu: Tumedai karatasi zote za kwanza zirudishwe au zichanwe mbele ya watu wa pande mbili. Sitaki kumdanganya mzee wangu kwa kumwambia kwamba hilo limekwisha kupatikana. Bado. Kama yuko atakayeitwa ofisini na kuulizwa kwa nini alitia alama hapa au pale, asijibu peke yake. Aje hapa kwanza.

Mama mmoja wa kazi ya usafi aliuliza, “Na sisi tusiopewa karatasi tangu mwanzo, tutapiga?”

Katibu alijibu: Mtapiga, dada yangu. Majina yenu yamekwisha andikwa. Karatasi itasomwa kwa Kiswahili na kwa Kisomali kwa asiyesoma, na msomaji hatakuwa mtu wa Halmashauri. Sanduku litakuwa ofisini Jumamosi, litafunguliwa saa 11 alfajiri, ili walinzi wa usiku wapige wakitoka zamu kabla hawajakwenda kulala, na halitafungwa mpaka saa 1 jioni.